Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Nyuma

Watu wa mtaani kwetu Geita wakiharibikiwa na gari huja kwangu kabla ya kwenda gereji, kwa sababu ushauri wangu ni wa bure na kwa sababu wananikuta kibarazani. Kazi yangu hasa ni kutengeneza pampu za kuvuta maji kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, lakini mtu akishajulikana kwamba anashika spana ataulizwa hata habari za cherehani. Basi huwaambia ninayoyajua. Tangi la mafuta likitoboka, chukua sabuni ya kipande, ile ngumu ya kufulia, ikande uzibe nayo, kisha nenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomea. Usizunguke nayo mjini ukijisifu. Betri ikifa, usiite wanaume wenye maoni, ita wenye mabega. Gari likichemsha, usiguse mfuniko wa rejeta mpaka lipoe, hata abiria akikuambia anawahi harusi yake mwenyewe.

Kuna ushauri mmoja ambao siutoi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Usimpakie mama mkwe wako kwenye gari bovu mkiwa wawili tu.

Kwa asiye wa kwetu nieleze kidogo. Msukuma aliyelelewa vizuri hamkaribii mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia porini ampishe mwenzake. Wakiwa na la kuambiana, humtuma mtu wa tatu. Siku hizi wako vijana wanaowakumbatia mama wakwe zao na kupiga nao picha, na sina ugomvi nao. Mimi sikulelewa hivyo, na mama mkwe wangu wa Songwa ndiyo kabisa.

Nilikuwa naenda kumleta Geita aje amchukue mwanangu. Mke wangu alifariki akaniachia binti, yuko darasa la kwanza. Wazee wa pande zote mbili walikaa kikao, wakaona mtoto wa kike asiye na mama hawezi kulelewa na mwanamume anayeshinda mashimoni, wakaamua aende akakae na bibi yake. Nilikuwepo kwenye kikao hicho. Nilikaa karibu na mlango, nikatazama chini kama mkwe anavyotakiwa, na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza neno, sikusema neno. Wakapanga na siku. Wakasema bibi asije kwa basi kama mtu anayefuata mzigo, bali mimi mwenyewe nimfuate kwa gari, kwa heshima. Mjomba wa marehemu, yaani kaka yake mama mkwe, angekaa kiti cha mbele awe mtu wetu wa kati.

Asubuhi ya safari, huko Songwa, nilimkuta mjomba kalala na homa, anatetemeka chini ya blanketi. "Nendeni tu," aliniambia kwa sauti ndogo. "Mungu anaona." Sikuelewa Mungu anaona nini hasa, lakini mgonjwa habishiwi.

Mama mkwe akatoka nyumbani kwake kajitanda kitenge mpaka puani, kwapani kamshika kuku mweupe wa kumpelekea mjukuu. Nilikuwa nimeshajificha nyuma ya jiko. Nikausalimia ukuta: "Shikamoo mayu," yaani mama. Ukuta ukaitikia marahaba.

Sasa, gari langu. Mlango wake wa nyuma haufunguki kwa ndani. Kwa nje unafunguka, ila inabidi uunyanyue kidogo, uusukume kwa nyonga, ndipo uvute, na yote hayo kwa pamoja. Kioo cha mlango huo hakishuki. Mlango wa nyuma wa upande wa pili niliufunga kwa waya baada ya kuchoka kuuokota barabarani. Mke wa mjomba alimfungulia mama mkwe huku nikimwelekeza kwa mbali, nyonga, nyonga, mama, tumia nyonga, na wote tuliokuwepo tukatafuta pa kutazama. Mama mkwe akaingia, mlango ukabamizwa. Kwa hiyo mama mtu mzima akawa amefungiwa ndani ya chuma na mtu ambaye hatakiwi hata kumwona kisogo.

Alilitatua mwenyewe. Alikaa kiupande, akanipa mgongo, akautazama ulimwengu kupitia kioo cha nyuma ya gari, na hivyo ndivyo alivyosafiri, akiiona Songwa inavyobaki badala ya kuiona Geita inavyokuja. Mimi nami nikakikunja kile kioo kidogo cha kutazama nyuma, kikawa kinaangalia dari. Niliona nimefanya jambo la adabu sana.

Ningekuwa nashauri mtu mwingine ningemwambia hivi: ikiwa mshale wa joto kwenye dashibodi yako umekufa, na wangu umelalia upande wa baridi tangu gari lifike mikononi mwangu, basi vioo vya kutazama nyuma ndiyo macho yako. Moshi utauona huko. Maji yakimwagika utayaona huko. Lakini nani anakumbuka ushauri wake mwenyewe siku anapokwenda kunyang'anywa mtoto?

Tulipita Shinyanga kimya. Lami ilikuwa nzuri na ndiyo iliyoniudhi, maana nilitamani mashimo. Kila kibao cha barabarani kilinipunguzia muda wa kuwa baba wa mtu nyumbani. Nilikuwa nikimchukia yule mama kwa mgongo wangu, kama inawezekana kumchukia mtu kwa mgongo. Nilijiambia amekuja kukomba kila kilichobaki. Nilikuwa nimefungwa mkanda, mikono kwenye usukani, mdomo umefungwa na mila, na miguu yangu mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikikanyaga mafuta.

Kagongwa tulisimama kupisha ng'ombe wavuke. Tulipoondoka, mama mkwe akakohoa. Nikadhani ni vumbi la ng'ombe, nikapandisha kioo changu. Akakohoa tena, kikohozi kikavu cha mtu ambaye haumwi. Nikadhani ni joto, nikashusha kioo. Akakohoa kwa nguvu zaidi. Nikafungua kioo nusu, nikaona hapo nimempata. Tukaingia Kahama tukatoka Kahama, yeye anakohoa na mimi nachezea kioo, mpaka lami ikaisha na tukashika barabara ya vumbi inayokwenda Geita.

Hapo ndipo niliposikia sauti yake. Alisema Kisukuma, nami naandika Kiswahili.

"Wewe kuku," alisema, "ungekuwa na adabu ungemwambia mwenye gari kwamba tangu Kagongwa gari lake linachora mstari wa maji barabarani."

Nilikuwa bado natafakari kama adabu inaniruhusu kumsikia kuku wakati harufu iliponifikia, ile harufu tamutamu ya rejeta inayoungua ambayo mwenye gari kuukuu huijua hata usingizini. Mvuke ukapanda mbele ya kioo. Injini ikakwaruza, ikapunguza, ikazima. Tukasimama peke yetu katikati ya mashamba ya mpunga yaliyokauka, jua likiwa utosini.

Nikashuka, nikainua boneti, mvuke ukanifukuza. Nikarudi nyuma hatua kadhaa na kufanya yale yote ambayo mwanamume hufanya mbele ya gari lililochemsha: nikashika kiuno, nikatikisa kichwa, nikapiga teke tairi lisilo na kosa. Kisha nikakumbuka kwamba mama mkwe yumo ndani, mlango haufunguki kwa ndani, kioo hakishuki, na gari limesimama juani.

Nikaenda upande wake nimegeuzia uso shambani. Nikapapasa, nikaunyanyua mlango, nikausukuma kwa nyonga, nikavuta, kisha nikakimbia kwenda kujificha mbele ya boneti ili ashuke kwa heshima yake. Nikasikia upepo unavuma na mlango unajibamiza. Nikarudi. Safari hii niliubana kwa jiwe. Yeye kitenge alikuwa amekivuta kikamfunika mpaka macho, naye kuku kamfunika. Alitoa miguu nje akabaki amekaa pale pale kitini. Alikuwa ameloa jasho, nilijua hivyo kwa kuiona miguu yake tu, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote.

Akapita mwendesha bodaboda, kapakia mchimbaji mwenye sululu. Wakasimama, bila kuombwa.

"Limechemsha?" aliuliza mwenye pikipiki.

"Limechemsha."

"Pole mzee. Gaskiti hiyo."

"Ni mpira wa rejeta."

"Mimi nakwambia gaskiti," akasema, na mchimbaji akaunga mkono kwa kutikisa sululu. Kisha mchimbaji akachungulia, akamwona mama aliyejifunika pale nyuma, akaniona mimi nilivyojibanza mbele, akauliza taratibu kwa Kisukuma kama yule ni mama mkwe. Nikamwambia ndiye. Akamgonga dereva wake begani. "Twende," akamwambia, "hapa hapatufai." Wakaondoka mbio. Kwenye ukanda huu wa dhahabu kila anayepita ni fundi, na dawa yake ni kukubali kila ugonjwa anaoutaja huku umeishikilia spana yako. Lakini wale walikimbia hata kabla sijakubali, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani fundi wa barabarani abaki.

Mvuke ulipoisha niliinama nikaangalia. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umechanika mdomoni, pale unapokazwa na kibano. Ni tatizo dogo mno. Unalegeza kibano, unakata kile kipande kilichochanika, unaurudisha mpira, unakaza, unajaza maji. Kisu ninacho, bisibisi ninayo, dumu la maji liko kwenye buti. Mtoto wa gereji angelimaliza akiwa anapiga mluzi.

Nikaketi juu ya jiwe. Nilijiambia nasubiri injini ipoe, na huo ni ushauri sahihi kabisa. Injini ikapoa. Nikaigusa, nikakuta imepoa, nikaketi tena. Nilijiambia nasubiri ipoe zaidi.

Boneti iliyoinuliwa ni pazia zuri. Yeye alikuwa upande ule, mimi upande huu, hakuna aliyemwona mwenzake. Nadhani ndiyo sababu alithubutu.

"Kuku," alisema mama mkwe, "jua limepinda na gari halitoi tena moshi. Mbona mwenye gari kakaa? Hajui kutengeneza, au hataki?"

Nilitazama huku na huku kumtafuta wa kumpitishia jibu. Hapakuwa na mtu. Nikaitazama injini.

"Injini," nikasema kwa sauti ya kusikika, "mwambie kuku kwamba najua. Ningetaka, tungekuwa tumeshaondoka."

Kuku alilia kidogo, labda alibanwa.

"Basi hataki," alisema mama mkwe. "Hebu muulize hataki nini."

Hasira ikanipanda. Nilikuwa nimeikalia tangu siku ya kikao, na sasa sikuwa na mzee wa kunitazama wala mlango wa kukaa karibu nao.

"Hataki kufika," niliiambia injini. "Akifika, mtoto wake anaondoka."

Niliona nimeharibu, kwamba atashuka na kurudi Kahama kwa miguu, kuku kwapani, na habari itafika Songwa kabla yangu.

"Ajabu," alisema hatimaye. "Wazee walirudi wakaniambia baba mtu hakutia neno. Wakasema anaona afadhali apunguziwe mzigo, labda anataka kuoa."

"Baba mtu alikuwa mbele ya wakwe zake. Alifundishwa kwamba mkwe anayejibizana kikaoni hana adabu. Akanyamaza. Tangu siku hiyo halali vizuri."

"Na nani anampikia mtoto?"

"Baba yake. Uji una madonge, lakini mtoto anamaliza. Akitoka shule anakaa kwa jirani mpaka jioni. Akiota ndoto mbaya usiku anajua pa kuja kulala."

"Anamlilia mama yake?"

"Zamani alikuwa analia. Siku hizi anauliza tu. Anauliza mama alikuwa anacheka vipi, na baba mtu anajaribu kumwigizia."

Sikukusudia kusema hilo. Lilitoka kwa sababu nilikuwa naongea na chuma. Upande wa pili nilimsikia akijirekebisha kitini. Lori la mawe likapita na vumbi likatufunika wote. Lilipotulia akasema, polepole, na safari hii sikuwa na hakika kama alitaka nisikie.

"Kuku, wewe unapajua nyumbani. Wengine wote wameolewa mbali, yeye ndiye aliyekuwa anarudi kunitazama. Tangu tumzike, nikiamka asubuhi wewe ndiye ninayezungumza naye. Nimekutoa wewe, nikadhani nitarudi na mtu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Angesema ni mila, ningekuwa na jibu. Angesema ni uamuzi wa wazee, ningekuwa na majibu mengi zaidi. Hilo halikuwa la mila wala la wazee. Chuki yote niliyoibeba kutoka Songwa ikanitoka mikononi na sikuwa na pa kushika. Nililia pale nyuma ya boneti, bila sauti, maana hata kulia mbele ya mama mkwe nako kuna adabu yake. Mtoto ni mmoja na wenye haja naye tuko wawili, na hatuwezi hata kuishi nyumba moja tukamlea pamoja, kwa kuwa mimi na yeye hatukai chini ya paa moja. Nilizungusha akili kila upande nikaona kote pamefungwa.

Nikachukua kisu nikakata mpira. Ukate kidogo tu. Ukikata sana hautafika kwenye mdomo wa rejeta, na hapo utakuwa umejitengenezea ugonjwa mpya. Nikaurudisha, nikakaza kibano mpaka bisibisi ikanichubua kiganja, nikazungushia ukanda wa mpira wa tairi kwa usalama. Nikajaza maji polepole. Nikawasha. Gari likawaka mara moja, lenyewe lisilowahi kuwaka mara moja tangu nilijue.

Nikaenda kuondoa jiwe. Miguu ilikuwa imesharudi ndani. Nikaufunga mlango taratibu, nimetazama shambani.

Yeye alitazama vumbi tuliloliacha, mimi nilitazama vumbi la malori yaliyotutangulia, na tukafika Geita jua likiwa bado lipo. Jirani ndiye aliyemfungulia mlango. Mwanangu alitoka kwake mbio, akanipita kama mti, akamrukia bibi yake. Wakaingia ndani. Nyumba yangu ni vyumba viwili na mlango mmoja, kwa hiyo mwenye nyumba nikabaki nje. Begi la nguo za mtoto nilikuwa nimelifunga kabla sijaenda Songwa, nikaliacha karibu na mlango ili nisije nikalitafuta huku watu wananitazama.

Nikafungua boneti tena, ingawa hapakuwa na cha kutazama. Akapita mtu wa mtaa wa pili, akaniuliza gari lake likitetemeka kwenye gia ya tatu tatizo ni nini. Nikamwambia sijui. Akashangaa, akasubiri kidogo labda nitakumbuka, kisha akaenda zake. Kutoka ndani nilisikia sauti ya bibi inauliza na sauti ya mtoto inajibu, ndefu, na majina ya watoto wa shuleni na ya mwalimu na langu. Kisha sauti ya bibi ikawa ndogo na sikusikia tena.

Mwanangu akatoka. Alikuja mpaka kwenye boneti, akasimama wima kama anavyosimama mbele ya darasa.

"Baba, bibi anasema nikwambie uzirudishe nguo zangu kabatini. Anasema kesho ataondoka peke yake."

Niliweka bisibisi chini. Nikamuuliza bibi kasema nini kingine.

Akafikiri.

"Kasema nisikwambie kwamba analia."